Émile Baudot, mtoto wa mkulima ambaye jina lake limebaki kwenye laini

Msikilizaji, katika kipindi chetu cha kupokea simu kuna swali linalorudi kila wiki, leo kutoka Kibirizi, kesho kutoka Kasulu, keshokutwa kutoka Uvinza. Mtu ameambiwa laini yake ina kasi ya Mbps 8. Anapakua faili la megabaiti 80. Anapiga hesabu yake kichwani: themanini kugawa kwa nane ni sekunde kumi. Anasubiri sekunde kumi, ishirini, dakika nzima inapita, na faili linamalizika baada ya sekunde themanini au zaidi. Hapo anatupigia simu na kusema ameibiwa.

Inawezekana hajaibiwa. Laini inahesabiwa kwa biti, faili linahesabiwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Mbps 8 ni megabiti 8 kwa sekunde, na ukizigawa kwa 8 unapata megabaiti 1 kwa sekunde. Faili la megabaiti 80, sekunde 80.

Hilo ni jibu la haraka la hewani. Lakini wengi wenu mmetuuliza kwa nini mambo yawe hivyo, kwa nini watu wa laini wahesabu kivyao na watu wa memori kadi wahesabu kivyao. Jibu la hilo halitoshi kwenye dakika mbili za redio, na ndani yake kuna mtu. Ndiyo maana tunaliandika hapa ulisome taratibu kwenye simu yako.

Mtu huyo ni Jean-Maurice-Émile Baudot. Alizaliwa tarehe 11 Septemba 1845 katika kijiji cha Magneux, wilaya ya Haute-Marne, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mkulima. Émile alisoma shule ya msingi ya hapo kijijini, na hiyo ndiyo elimu yote ya darasani aliyopata utotoni. Hakwenda sekondari wala chuo kikuu. Alilima shamba la baba yake mpaka akawa kijana wa miaka ishirini na kitu, umri ambao watu wengi hujiona wamekwishachelewa kuanza jambo jipya.

Mwaka 1869 aliacha jembe na kuajiriwa na idara ya telegrafu ya serikali ya Ufaransa kama karani mwanafunzi. Kwa vijana wasiowahi kuiona, telegrafu ndiyo iliyoleta ile simu ya maandishi ambayo babu zetu waliipokea posta, mara nyingi ikiwa na habari ya msiba. Ujumbe ulipita kwenye waya kwa mapigo ya umeme. Karani wa huku alibonyeza, karani wa kule alisikiliza au kusoma, kisha akaandika.

Idara ilimfundisha Baudot alama za Morse, halafu ikampeleka kwenye mafunzo ya miezi kadhaa ya mtambo wa David Hughes, mtambo wenye vibao kama vya kinanda ambao ulichapa herufi zenyewe upande wa pili. Ikaja vita ya Ufaransa na Prussia ya mwaka 1870, akaitumikia nchi yake kwa muda, kisha mwaka 1872 akarudi kazini mjini Paris.

Hapo Paris ndipo alipoanza kuona kilichowapita wenzake. Waya wa telegrafu ulikuwa mali ya gharama kubwa: nguzo, shaba, mafundi wa kuukagua porini, walinzi. Lakini muda mwingi waya huo ulikaa bure. Karani hata awe hodari vipi, mkono wake ni mzito kuliko umeme. Kati ya pigo moja na jingine waya ulikuwa umelala. Kampuni na serikali zilipozidiwa na ujumbe, dawa yao ilikuwa kutandika waya mwingine.

Sisi wa Kigoma tunaweza kuupima uzito wa jambo hilo. Mwanzoni mwa karne ya 20 waya wa telegrafu wa kampuni ya Cecil Rhodes, ulioanzia kusini mwa Afrika kwa nia ya kufika Cairo, ulipanda kupitia Nyasaland, ukafuata upande wa Ziwa Tanganyika hadi Ujiji. Uliishia hapo hapo Ujiji, Cairo haukufika. Maelfu ya kilomita za waya, nguzo zilizoliwa na mchwa na kuangushwa na tembo, na kila ujumbe ukipita mmoja mmoja. Waya ghali unaobeba kidogo ndio ugonjwa ambao Baudot alikuwa anautafutia tiba.

Wakubwa wake walimtia moyo ajaribu, ila afanye majaribio yake nje ya saa za kazi. Mchana karani, usiku fundi. Tarehe 17 Juni 1874 akapata hataza yake ya kwanza, yaani haki ya kisheria juu ya ugunduzi wake.

Taa tano

Ugunduzi wenyewe ulikuwa na sehemu mbili, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu simu uliyoshika mkononi imejengwa juu yake.

Sehemu ya kwanza ni herufi zenye urefu sawa. Kwenye Morse, herufi E ni nukta moja tu, lakini Q ina alama nne, tatu kati yake ndefu. Sikio la binadamu linaweza kuzoea hilo. Mashine ya wakati ule ilipata shida, kwa sababu haikujua herufi moja imeishia wapi na nyingine imeanzia wapi. Baudot akasema kila herufi itakuwa na nafasi tano za umeme, si nne wala sita, na kila nafasi itachukua muda uleule.

Fikiria mtumbwi wa dagaa usiku ukiwa na taa tano zimepangwa mstari mmoja. Kila taa inaweza kuwa imewaka au imezimwa. Taa moja ina hali mbili. Taa mbili zina hali nne. Tatu, nane. Nne, kumi na sita. Tano, thelathini na mbili. Alfabeti ya Kilatini ina herufi 26, kwa hiyo taa tano zinatosha na zinabaki hali sita. Katika hizo zilizobaki Baudot alitenga alama za kubadilisha zamu: alama moja inasema kuanzia hapa soma kama herufi, nyingine inasema kuanzia hapa soma kama tarakimu na vituo. Taa tano zilezile zikabeba karibu mara mbili ya mzigo.

Tuseme ukweli, wazo la alama tano halikuanzia kwake. Wanasayansi wa Ujerumani Gauss na Weber walikuwa wamelitumia miaka arobaini kabla. Kuchapa herufi kulikuwa kwa Hughes. Kugawana waya kwa zamu kulikuwa kumejaribiwa na Mfaransa mwenzake, Bernard Meyer. Alichofanya Baudot ni kuvichukua vitu vitatu vilivyokuwa vimetawanyika na kuvifanya mtambo mmoja unaofanya kazi kila siku, kwa mvua na kwa jua, mikononi mwa makarani wa kawaida. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi kubwa kuliko kuwaza.

Sehemu ya pili ni hiyo zamu. Aliunda gurudumu la shaba lililogawanywa vipande, na brashi iliyozunguka juu yake bila kusimama. Brashi ilipogusa kipande cha karani wa kwanza, waya wote ulikuwa wake. Kitambo kidogo tu ikahamia kwa wa pili, kisha wa tatu, kisha wa nne, halafu ikarudi kwa wa kwanza. Upande wa pili wa waya kulikuwa na gurudumu jingine linalozunguka sawasawa na hilo, likimpa kila mpokeaji zamu yake. Makarani wanne kwenye waya mmoja, na kila mmoja akijiona waya ni wake peke yake. Ni kama foleni ya bombani ambapo kila mtu anakinga kikombe kimoja na kurudi nyuma, lakini foleni inakwenda kasi kiasi kwamba hakuna anayehisi amesubiri.

Gharama ya uzuri huo ilimwangukia karani. Alikuwa na vibao vitano tu, viwili kwa mkono wa kushoto na vitatu kwa mkono wa kulia, na ilimbidi azikariri hali zote kichwani. Zaidi ya hapo, alipaswa kubonyeza zamu yake inapofika, wala si kabla wala baada. Mtambo ulimpa mlio mdogo wa kumwongoza, naye akafuata mlio huo saa nzima bila kukosea, kama wapiga makasia wanaofuata sauti ya mmoja wao. Sisi wa studio tunalielewa hilo vizuri. Sekunde ya taarifa ya habari ikifika haikusubiri umalize sentensi.

Hesabu yake ya kwanza

Tufanye hesabu ya mtambo huo, maana ni hesabu ileile ya bando lako.

Karani wa Baudot alikwenda maneno 30 kwa dakika. Kwa desturi ya telegrafu neno moja huhesabiwa herufi tano na nafasi moja, yaani sita. Maneno 30 mara 6 ni herufi 180 kwa dakika, au herufi 3 kwa sekunde. Kila herufi ni mapigo 5. Kwa hiyo karani mmoja alituma mapigo 15 kwa sekunde. Makarani wanne, mapigo 60 kwa sekunde kwenye waya mmoja.

Sasa angalia. Ukimuuliza mteja aliyelipia ujumbe, kasi ni herufi 3 kwa sekunde. Ukimuuliza fundi wa waya, kasi ni 15. Wote wanasema kweli juu ya kitu kilekile. Mteja anahesabu kilichofika kikasomeka. Fundi anahesabu kinachopita. Katikati yao kuna namba 5. Weka namba 8 badala ya 5 na umekuja kwenye karne yetu.

Mwaka 1877 mtambo ulijaribiwa kati ya Paris na Bordeaux, na mwishoni mwa mwaka huo ukaanza kazi kati ya Paris na Roma, umbali wa kilomita 1,700 hivi. Umbali huo unazidi reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Mwaka 1878, kwenye maonyesho makubwa ya kimataifa ya Paris, Baudot alipewa medali ya dhahabu, na mtambo ukajulikana duniani. Mwaka 1880 alipandishwa cheo, na mwaka 1882 akawa mkaguzi mhandisi. Mtoto wa shule ya msingi ya Magneux sasa aliitwa mhandisi na watu waliosoma uhandisi.

Sifa zilikuja na ugomvi. Karani mwenzake wa telegrafu, Louis Victor Mimault, alidai kwamba alama za sehemu tano zilikuwa zake, akaenda mahakamani. Kesi ilichukua miaka na mwishowe Baudot alibaki na haki zake. Mimault hakutulia. Mwaka 1888 alimpiga risasi na kumuua Jules Raynaud, mtu mkubwa katika idara hiyohiyo ya telegrafu. Namba tano, ambayo leo tunaieleza kwa taa za dagaa, ilimgharimu mtu maisha.

Nyumbani nako hakukuwa kwepesi. Baudot hakuwa na afya nzuri tangu miaka yake ya mwanzo kazini; kuna wakati alikosa kazi mwezi mzima. Alioa akiwa na miaka 44, tarehe 15 Januari 1890. Mkewe, Marie Joséphine Adélaïde Langrognet, alifariki tarehe 9 Aprili mwaka huohuo. Ndoa haikumaliza miezi mitatu.

Aliendelea na kazi. Mtambo wake ulirekebishwa ili utumike kwenye waya wa chini ya bahari kati ya Marseille na Algiers, na hivyo ukagusa bara letu. Mwaka 1897 Posta ya Uingereza ikauweka kati ya London na Paris. Tarehe 28 Machi 1903 Émile Baudot alifariki huko Sceaux, karibu na Paris, akiwa na miaka 57.

Mkanda wenye matundu

Kilichofuata hakukishuhudia, lakini ndicho kinachojibu swali letu la kwa nini hesabu ni mbili.

Mwaka 1901, Donald Murray wa New Zealand alizipanga upya zile alama tano ili karani atumie vibao vya taipureta badala ya vile vitano vya Baudot. Ujumbe ukawa unatobolewa kwanza kwenye mkanda wa karatasi. Kila herufi ilikuwa safu moja ya nafasi tano zilizokatiza mkanda: tundu ni taa iliyowaka, pasipo tundu ni taa iliyozimwa. Karani angeweza kutoboa taratibu, akikosea akarekebisha, kisha mkanda ukaingizwa kwenye mashine ukasomwa kwa kasi ya mashine.

Mkanda huo ni ghala. Ni ndugu mkubwa wa memori kadi yako. Na hapo ndipo njia zilipogawanyika. Mkanda unasomwa safu nzima kwa mara moja: matundu matano kwa pamoja, herufi moja. Waya unapitisha moja moja. Mwenye ghala akahesabu safu, mwenye waya akahesabu mapigo.

Nenda ufukweni Kibirizi mitumbwi inaposhusha dagaa. Mbebaji anayepita kwenye ubao mwembamba anahesabu mabeseni, moja baada ya jingine. Mwenye ghala anahesabu magunia. Tuseme mabeseni 8 yanajaza gunia moja. Mbebaji akisema amepitisha mabeseni 80 kwa saa na mwenye ghala akasema amepokea magunia 10, hakuna mwizi hapo.

Mwaka 1926 kamati ya kimataifa ya telegrafu ilikutana Berlin na kukubaliana kipimo cha kasi ya mapigo kwenye waya, nacho kikapewa jina la Baudot kwa kifupi: baud. Pigo moja kwa sekunde ni baud 1. Teleksi zilizotumika kwenye benki, bandari na ofisi za serikali hapa nchini kabla ya faksi na barua pepe zilikwenda baud 50.

Na teleksi ina funzo lake kwenye hesabu. Ukigawa 50 kwa 5 unapata herufi 10 kwa sekunde, lakini mashine ilitoa pungufu ya 7. Sababu ni kwamba kila herufi ilitanguliwa na pigo moja la kusema naanza, na kufuatwa na pigo moja na nusu la kusema nimemaliza. Jumla ni 7.5. Hamsini kugawa kwa 7.5 ni herufi 6.67 kwa sekunde, sawa na maneno 66 kwa dakika. Yaani kuna mabeseni yanayopita kwenye ubao ambayo hayaingii kwenye gunia. Ni ujira wa mbebaji.

Zikaja kompyuta. Neno biti, taa moja kati ya zile, lilichapishwa na Mmarekani Claude Shannon mwaka 1948. Neno baiti lilibuniwa na Werner Buchholz wa IBM mwaka 1956, na kampuni hiyo ilipotoa mashine zake za System/360 mwaka 1964, baiti ya biti 8 ikawa kawaida ya dunia. Taa nane zina hali 256, zinatosha herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama zote bila kubadilisha zamu.

Diski za kompyuta ziliunganishwa kwa kebo pana zenye nyaya nyingi sambamba. Kebo ya SCSI ya mwanzo ilikuwa na nyaya nane za data: kila pigo moja, baiti nzima ilipita, kama safu ya mkanda. Mapigo milioni 5 kwa sekunde yakawa megabaiti 5 kwa sekunde, hakuna haja ya kugawa chochote. Ndiyo maana watu wa diski walizoea baiti. Wakati huohuo watu wa simu walibaki na waya mmoja na biti zao.

Linganisha sasa. Laini ya simu iitwayo E1, ambayo kampuni za simu na ofisi kubwa za huku kwetu na Ulaya zimeitumia miaka mingi, ina zamu 32, na kila zamu ni kilobiti 64 kwa sekunde. Utaona gurudumu la Baudot bado linazunguka humo. Jumla ni kilobiti 2,048 kwa sekunde. Gawa kwa 8: kilobaiti 256 kwa sekunde. Ukitaka kuijaza ile kebo ya SCSI ya megabaiti 5, zidisha kwanza kwa 8 upate megabiti 40. Utahitaji laini za E1 karibu ishirini. Kwa upande mwingine, CD ya data inaposomwa kwa kasi yake ya kawaida inatoa kilobaiti 150 kwa sekunde, kwa hiyo E1 moja inaishinda CD.

Modemu ya kupiga simu ya kilobiti 56 ni kilobaiti 7 tu kwa sekunde, tena ikiwa na bahati. CD ya megabaiti 700 ingechukua sekunde 100,000, karibu saa 28. Kwenye E1 ingechukua kama dakika 46.

Modemu ndizo pia zilizolichanganya jina la Baudot. Wahandisi walipata njia ya kufanya pigo moja libebe zaidi ya biti moja, kama vile taa iwe na rangi kadhaa badala ya kuwaka na kuzimika tu. Modemu ya biti 9,600 kwa sekunde ilikuwa na baud 2,400, kwa sababu kila pigo lilibeba biti 4. Watu wengi, hata mafundi, walizoea kuita biti kwa sekunde baud. Ukikuta baud kwenye kijitabu cha mashine ya zamani, uliza kwanza kila pigo linabeba biti ngapi.

Halafu mambo yakageuka. Kuanzia mwaka 2003 diski za kompyuta ziliacha zile kebo pana na kuhamia SATA, ambayo inapeleka biti moja moja kwa mfuatano, kama waya wa Baudot. SATA ya kwanza ilikuwa gigabiti 1.5 kwa sekunde. Ukigawa kwa 8 unapata megabaiti 187, lakini kiwanda kinaandika 150. Hakuna kosa. Humo kila baiti husafiri ikiwa biti 10, mbili zikiwa ujira wa mbebaji, kwa hiyo unagawa kwa 10.

Kwenye simu yako

Turudi kwenye bando. Kwenye maandishi, herufi b ndogo ni biti na B kubwa ni baiti. Mb si MB. Kasi ya laini huandikwa kwa b ndogo, ukubwa wa bando na wa faili huandikwa kwa B kubwa, na matangazo mengine huchanganya. Ukiwa na haraka, gawa kasi ya laini kwa 10 badala ya 8. Ni rahisi kichwani, na inakupa jibu la karibu na utakachokiona, kwa sababu na laini ya simu ina ujira wake wa mbebaji.

Kuna upande unaouma zaidi. Laini ya Mbps 8 ikienda kwa kasi yake yote inameza megabaiti 1 kila sekunde. Bando la GB 1 ni megabaiti 1,000. Litakwisha kwa sekunde 1,000, chini ya dakika 17. Simu nyingi hucheza video kwa ubora wa juu zenyewe laini ikiwa nzuri, na programu hujisasisha nyuma ya pazia. Mtu aliyehama kutoka kwenye mnara wa zamani kuja kwenye mnara wa 4G ananunua bando lilelile, linakwisha mapema zaidi, na anaapa kwamba linaibwa. Ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya matumizi ya data. Utaona ni programu ipi imekula kiasi gani. Zima kujisasisha, punguza ubora wa video, kisha pima tena.

Namba ya Mbps kwenye tangazo nayo mara nyingi ni ya juu kabisa inayowezekana. Mnara unagawa zamu kwa wote waliounganishwa, na jioni watu wakirudi kutoka shambani na ziwani, zamu yako inakuwa fupi.

Anayetaka kutuma vitu vizito apige hesabu kwanza. Memori kadi ya GB 32 kwenye laini ya Mbps 4 ni megabaiti 32,000 kugawa kwa 0.5, sekunde 64,000, karibu saa 18, mbali na gharama ya bando. Mtu wa Kasulu akiitia mfukoni na kupanda basi la asubuhi, mchana yuko Mwanga sokoni. Na kadi hiyohiyo ukiiweka kwenye kompyuta inaweza kuonyesha GB 29.8. Si feki kwa sababu hiyo peke yake: kiwanda kinahesabu kwa 1,000, kompyuta inahesabu kwa 1,024.

Ukishapiga hesabu hizi na bado namba hazikubali, kwa mfano bando limekwisha wakati simu yenyewe inaonyesha umetumia nusu, hapo una hoja. Andika tarehe, saa, kiasi ulichonunua na kiasi kilichoonyeshwa kwenye simu, upige picha ya skrini, na uanze na huduma kwa wateja ya mtandao wako. Dai namba ya malalamiko. Wasipokujibu ipasavyo, hatua inayofuata ni TCRA, na huko namba ulizoandika kwa biti na baiti zake ndizo watakazokuomba.